Kabla hujagusa hela ya mtu, jenga mnyororo wako wa majaribio

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kutengeneza programu ya kupokea malipo ya bitcoin huwa tayari wako testneti, mtandao wa majaribio wa hadharani, wanahangaika kutafuta sarafu za bure. Huwa nawaambia waiache kwanza. Anza na regtest, mtandao wa majaribio unaoishi ndani ya kompyuta yako peke yake. Ukishapakua programu, intaneti haihitajiki tena. Huna haja ya kupakua mnyororo halisi, yaani daftari la miamala yote ya bitcoin lililogawanywa katika mafungu yanayoitwa bloku, ambao umeshapita GB 600, na bando lako linabaki salama. Kubwa zaidi, humo bloku inatoka pale unapotaka wewe, na kwa sababu hiyo unaweza kutengeneza matatizo ambayo kwenye mtandao wa wengine ungeyasubiri miezi.

Pakua Bitcoin Core kutoka bitcoincore.org, na hakiki saini ya faili kabla ya kulifungua. Tabia hiyo ianze hapa hapa kwenye majaribio. Kisha, ukiwa kwenye Linux, washa nodi, yaani programu inayotunza na kukagua mnyororo:

bitcoind -regtest -daemon -fallbackfee=0.0002

Kipande cha mwisho usikiruke. Nodi hukadiria ada kwa kuangalia miamala iliyotangulia, na mnyororo mpya hauna muamala wowote. Usipoipa ada ya akiba, ukijaribu kutuma itakataa na kukuambia imeshindwa kukadiria. Hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza, wakadhani wameharibu usakinishaji.

Sasa tengeneza pochi mbili, moja ya mteja na nyingine ya duka. Kutumia pochi moja kwa pande zote kunaficha makosa mengi.

bitcoin-cli -regtest createwallet mteja
bitcoin-cli -regtest createwallet duka
bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=mteja -generate 101

Kwa nini 101? Zawadi ya mchimbaji, yaani anayetengeneza bloku mpya, haitumiki mpaka bloku 100 nyingine ziwe zimeongezwa juu yake. Ukichimba bloku 101, zawadi ya ile ya kwanza, bitcoin 50, inakuwa huru, na mteja wako ana hela ya kulipa. Fahamu pia kwamba kwenye regtest zawadi hupungua kwa nusu kila bloku 150, kwa hiyo usichimbe maelfu bila sababu. Mambo yakivurugika, zima nodi, futa folda ya regtest, uanze upya.

Omba anwani ya duka kwa getnewaddress. Itaanza na bcrt1. Mtume mteja alipe 0.5 kwa sendtoaddress, chimba bloku moja, na programu yako iseme malipo yamefika. Wengi wakifika hapo wanafunga kazi. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, maana muamala ulioenda sawa haujakufundisha kitu.

Jaribu hili. Baada ya malipo kuthibitishwa, chukua utambulisho wa bloku ya mwisho kwa getbestblockhash, kisha uipe amri ya invalidateblock. Nodi itaitupa bloku hiyo na muamala utarudi kwenye foleni ya inayosubiri. Halafu chimba bloku tupu kwa generateblock, ukiweka anwani na orodha isiyo na kitu, '[]'. Mnyororo umesonga mbele, lakini malipo hayamo. Angalia programu yako inasemaje. Ikiwa bado inaonyesha "Imelipwa", duka limeshatoa mzigo kwa hela ambayo haipo. Kwenye mtandao halisi wa Bitcoin bloku moja ya juu kubadilishwa ni jambo linalotokea, ingawa si kila siku, na ndiyo sababu wenye malipo makubwa husubiri uthibitisho kadhaa, yaani bloku kadhaa ziongezwe juu ya malipo.

La pili ni kuongeza ada. Mteja atume malipo, na kabla hujachimba, tumia bumpfee kwenye pochi yake. Muamala wa zamani unabadilishwa na mwingine wenye utambulisho mpya kabisa. Programu iliyoandika kwenye hifadhidata kwamba inasubiri utambulisho ule wa kwanza itasubiri milele, na mteja aliyelipa kihalali ataambiwa hajalipa. Fuatilia anwani: kila ankara na anwani yake. Ukishachimba, uangalie ule muamala wa zamani kwa gettransaction: idadi ya uthibitisho itakuwa hasi. Programu yako iielewe namba hiyo pia.

La tatu sisi wa huku tunalijua vizuri: umeme kukatika. Zima programu yako, iache nodi iendelee, lipa ankara mbili tatu, chimba bloku kadhaa, kisha iwashe. Ikiwa inategemea kugongewa mlango na nodi kila bloku inapoingia, malipo yale yamepita bila kuonekana. Hifadhi utambulisho wa bloku ya mwisho uliyoishughulikia, na kila ukiwaka uliza listsinceblock. Itakupa yote yaliyotokea tangu hapo, pamoja na miamala iliyoondolewa mnyororo ulipojipanga upya. Amri hiyo moja imeniokolea muda mwingi kuliko maktaba yoyote niliyowahi kusakinisha.

Kuhusu kiasi, hifadhi satoshi kama namba kamili. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000. Nodi inakujibu kwa desimali, na ukizijumlisha kama namba za kawaida za JavaScript utapata mikia ya ajabu ajabu ambayo siku moja itafanya ankara iliyolipwa yote ionekane imepungua.

Ukimaliza haya, hamia signet, mtandao mwingine wa majaribio ulio wazi kwa wote, ili programu ionje mtandao wa kweli wenye nodi za watu wengine. Naipendelea kuliko testnet3 kwa sababu bloku zake husainiwa na wahusika maalumu na huja kwa utulivu, takriban kila dakika 10. Testnet3 ina kanuni ya kushusha ugumu wa uchimbaji bloku ikichelewa zaidi ya dakika 20, na kanuni hiyo imezaa vipindi vya bloku kumiminika kwa fujo. Ipo testnet4 pia, iliyoingia Bitcoin Core 28.0 mwaka 2024. Itumie kama unahitaji mazingira ya uchimbaji wa ushindani.

Mwisho, usalama. Usiweke kamwe ufunguo wa siri wa pochi yako halisi kwenye mazingira ya majaribio, hata kwa dakika moja. Kinyume chake pia ni kweli: wanaojenga upande wa Ethereum kwa Hardhat au Anvil, zana za majaribio za huko, wafahamu kwamba funguo zile zinazokuja tayari zinajulikana dunia nzima, na hela halisi ikiingia kwenye anwani hizo itakombwa mara moja. Acha RPC, mlango ambao nodi hupokelea amri, isikilize 127.0.0.1 tu, yaani kompyuta yako yenyewe. Na programu yako, kabla ya kufanya lolote inapowaka, iite getblockchaininfo na kusoma sehemu ya chain. Ikitarajia regtest ikakuta main, izime hapo hapo na iandike sababu kwenye kumbukumbu.