Aleji za dawa kwa vijana: mimi ni wa salfa

Mleta mada umeuliza kama aleji za dawa ni kitu cha kawaida kwa vijana, maana mwenzio wa chumbani kavimba macho baada ya kumeza amoksilini. Nitajibu kwa yaliyonikuta.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nimepanga Ng'hong'hona, hapa Dodoma. Mkojo ukaanza kuniunguza, nikaenda duka la dawa nikapewa Septrin, antibaiotiki yenye salfa ndani yake. Usiku ule mdomo wa chini ukawasha upande mmoja, asubuhi nina doa jeusi kama punje ya ubuyu. Wenzangu wakasema nimeungua chai (mmoja alisema mengine, siyaandiki). Likafifia, nikasahau. Baadaye nikaharisha, nikameza Septrin tena. Doa likarudi palepale, safari hii na jingine kwenye kidole gumba. Daktari aliutazama tu mdomo, akauliza, "Ulimeza salfa?" Kumbe kuna mzio wa namna hiyo: kila ukirudia dawa, doa linawaka palepale, na mengine yanaweza kuongezeka.

Sasa swali lako. Madhara ya dawa yapo mengi, ila aleji ni sehemu ndogo tu. Tumbo kuvurugwa na antibaiotiki si aleji. Ule muwasho wa klorokwini waliojikuna nao mama zetu, kwa kawaida nao si aleji. Penisilini ndiyo kichekesho: Marekani, kama watu 10 katika 100 wameandikiwa kwamba inawadhuru, lakini wakipimwa, 9 kati ya hao 10 hawana kitu. Mtoto alitokwa vipele vya virusi akiwa kwenye dozi, dawa ikasingiziwa, naye akakua na hiyo hadithi. Hata mwenye mzio wa kweli, mara nyingi huisha baada ya miaka 10. Ila usijipime kwa kumeza nyumbani, tafadhali.

Mwenzio simpuuzi. Amoksilini ni jamii ya penisilini, na kuvimba macho si sawa na kuharisha. Asiirudie mpaka aonane na daktari, na akumbuke alivimba muda gani baada ya kumeza. Koo likibana, pumzi ikikata au akiishiwa nguvu, hiyo ni hospitali mbio akachomwe adrenalini, msikae mnasubiri Piriton. Kwa sisi wa salfa hatari nyingine ni homa, vidonda mdomoni na ngozi kubabuka. Hapo hata kesho ni mbali. Na mwambieni daktari ajaze ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), makao makuu yao si yako hapa hapa Dodoma?

Mwaka jana nikiwa mjamzito, nesi kliniki aliniwekea vidonge vitatu vya SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kiganjani na kikombe cha maji. Nikamuuliza, "Dada, hii si ina salfa?" Akavichukua haraka, akaandika kwa wino mwekundu juu ya kadi yangu: SALFA HAPANA. Kadi nimeitunza, na picha yake iko kwenye simu.