Ziara ya fasihi Unguja mjini: nendeni na vitabu, na mvuke Darajani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama inafaa kumlipa mtembezaji awazungushe wanafunzi wako wa kidato cha tano na sita kutoka Morogoro kwenye sehemu za fasihi hapa Unguja mjini, au mjizungushe wenyewe kwa ramani ya simu, maana ziara zote ulizoziona zinatangaza milango ya nakshi, viungo na soko la watumwa. Mimi nafundisha Kiswahili hapa, na kwa miaka mingi nimewatembeza wanafunzi wangu na wa wenzangu wanaovuka kutoka bara. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda.

Mlipe mtembezaji. Lakini usimwambie awaoneshe nyumba za waandishi. Ukimwambia hivyo atazitafuta, na asipozipata atazitengeneza. Siku moja nilipita nyuma ya kundi la vijana mitaa ya Kiponda nikamsikia mwongozaji akiwaonesha mlango mzuri wa nakshi na kuwaambia hapo ndipo alipokuwa akikaa Bwana Raza wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi. Bwana Raza ni mhusika wa kubuni. Wale watoto waliandika kwenye madaftari yao, na naamini wako walioipeleka habari hiyo hadi kwenye mtihani. Nilimsubiri yule kijana pembeni nikazungumza naye kwa upole, lakini wanafunzi walikuwa wameshakwenda.

Mwambie hivi: tuna vitabu hivi, tupeleke mahali mambo yake yanapotokea, na tukifika utuache tusome. London wana vibao vya buluu ukutani vinavyokwambia nani aliishi wapi. Hapa usitegemee vibao. Maneno mtayabeba wenyewe.

Kwa kuwa mtashuka feri Malindi, anzeni hapohapo, na mkononi muwe na Kuli cha Adam Shafi kilichotoka 1979. Makundi mengi hupita bandarini mbiombio kuelekea Forodhani, na mimi naona ni hasara kubwa. Riwaya nzima inapumua pale: Rashidi anayeingia kazi ya ukuli kama baba yake, mizigo, na hatimaye mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli na ulitoka bandarini ukaenea mjini. Nje ya lango kuna kelele za mikokoteni na watu wa teksi, na picha za bandari msipige bila ruhusa. Ingieni mtaa wa nyuma, tafuteni baraza yenye kivuli, ombeni radhi kwa waliokaa, kisha mwanafunzi mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti. Ukurasa mmoja unatosha.

Mara moja tulifanya hivyo, na mzee aliyekuwa akinywa kahawa akamkatiza msomaji. "Hebu rudia hapo, mwanangu." Msichana akarudia. Mzee akasimama, akawaonesha namna gunia linavyopagazwa: watu wawili wanalinyanyua, wa tatu anaingia chini yake kwa mgongo, na hatua ya kwanza lazima iwe ndogo, ukiirefusha goti linakuacha. Akawaeleza kuwa baba yake alikuwa hamali. Wanafunzi wangu walikuwa wameandika insha nzuri kuhusu unyonyaji katika riwaya ile kabla ya siku hiyo. Walipoziandika upya, neno unyonyaji lilipungua na magoti yakaongezeka. Kazi hiyo ramani ya simu haiifanyi. Mtembezaji aliyezaliwa mjini, anayejulikana na wazee wa barazani na anayejua kuamkia, ndiye anayekufungulia mlango wa namna hiyo.

Malindi pia ni mahali pa kumsoma Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana katika miaka ya mwisho ya sitini, akapata tuzo ya Nobel ya fasihi 2021. Watoto wote wanalijua jina lake, wachache wamemsoma. Riwaya yake Paradise sasa ipo kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, basi hakuna udhuru. Ila hadithi ya Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, inakwenda zaidi bara, kwa msafara wa Ami Aziz, kwa hiyo penye majahazi mimi husoma kipande cha riwaya yake nyingine, By the Sea: mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege Uingereza kuomba hifadhi, na ofisa anamchukulia kijikasha chake cha udi. Nunueni udi kidogo, waupitishe mkono kwa mkono waunuse wakati wa kusoma. Mtoto wa Morogoro ambaye hajakulia katika nyumba inayofukizwa udi ataelewa mara moja alichoporwa mzee yule.

Kando ya bahari msikae sana. Beit al-Ajaib, jumba la maajabu lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na mtembezaji atawaeleza mengi kuhusu jengo lile hata msipomuuliza. Mahali pa kusimama ni Kasri iliyo jirani, kwa ajili ya Sayyida Salme. Huyu binti wa Sultani Sayyid Said alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mabinti walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Wasichana wa darasa lako watauliza maswali hapa. Waache waulize, hata ratiba ikichelewa.

Shangani kuna nyumba ya Tippu Tip. Walimu wengine huiruka kwa kuwa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa watumwa na pembe. Mimi siiruki. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na yanahesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Anasimulia vita, deni na faida kwa sauti tulivu ya mtu asiyeona ubaya wa anachokifanya, na utulivu huo ndio wanafunzi wanapaswa kuusikia. Someni aya mbili nje ya nyumba ile, msijadili kitu, kisha mpite Sokomuhogo moja kwa moja hadi Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Mjadala mkaufanyie huko.

Na mkiwa Mkunazini, baada ya kushuka kwenye vile vyumba vya chini wanavyooneshwa wageni na kutoka, ingieni kanisa la Anglikana lililo hapohapo. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882. Mtembezaji atamtaja kama mjenzi wa kanisa. Wewe watajie wanafunzi kitabu chake cha 1870, ngano alizozikusanya kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuzichapa kwa Kiswahili chao. Humo mna Goso, mwalimu aliyeuawa na buyu lililomwangukia, na wanafunzi wake wakaanza kumsaka muuaji: lawama ikatoka kwa upepo wa kusi ikaenda kwa kiambaza, ikaenda kwa panya, ikaenda kwa paka, na kuendelea. Nje ya kanisa, chini ya mti, wapange wanafunzi duara kila mmoja awe kiungo kimoja cha ngano ile. Vijana wa miaka kumi na minane hucheka kama watoto wadogo, na wanajifunza muundo wa ngano ya mkufu bila ubao. Lakini waambie pia kwamba waliosimulia ngano zile ni Waunguja, na Steere alikuwa mkusanyaji.

Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani mwenye kiko, mtampitia vichochoroni tu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kilishinda shindano la uandishi la 1957/58 kabla ya kuchapishwa 1960, na kiko kile na akili ile vinamfurahisha kila mtu. Hakihitaji kituo chake. Someni mkiwa mmekaa kula urojo.

Sasa Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa Darajani, na hapa nakuomba usinikatalie. Karibu ziara zote huishia Darajani, kwa sababu wageni wanataka Mji Mkongwe uliowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000. Fasihi ya Kiswahili ya hapa haikuishia hapo. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na mitaa ya udongo na makuti. Mkono ule ukafukiwa, na leo ni barabara unayoivuka kwa dakika moja madereva wa daladala wakikupa nafasi. Yasmin wa Vuta N'kuvute anaivuka mipaka hiyo yote: binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa kwa Raza mwenye miaka hamsini na miwili, anakimbia ndoa na kwenda kukaa kwa Mwajuma, Ng'ambo, kwenye taarabu, umaskini na urafiki, na huko ndiko anakokutana na Denge na siasa za kupinga ukoloni. Kitabu hicho kimesomwa miaka mingi kidato cha tano na sita, na wengine wameona filamu iliyotoka 2021, basi wanafunzi watafika wakiwa na picha kichwani. Wavushe kwa miguu. Safari ya kutoka dukani kwa mume hadi chumbani kwa Mwajuma haina hata nusu saa, na katika riwaya ni dunia mbili. Hilo huwezi kulifundisha darasani Morogoro hata uchore ramani namna gani.

Mkifika Michenzani mtaona yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mitaa mingi ya zamani ilibomolewa kuyapisha. Kwa hiyo nyumba kama ya Mwajuma hamtaiona hapo, na mtembezaji mkweli atawaambia hivyo. Ingieni mitaa ya nyuma ambako nyumba za chini zingalipo, na hapo mzungumzie Siti binti Saad. Alitoka Fumba, kijana maskini akiuza vyungu, akaja mjini akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zake zilibeba habari za mji, hukumu za mahakama na vilio vya wanawake. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, aliona maisha haya yanastahili kitabu kizima na akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Uchezeshe wimbo mmoja kwa simu, sauti ya chini, mkiwa mmesimama. Kwa uzoefu wangu mama mmoja atatoka mlangoni kuuliza mnasikiliza nini, na mara nyingine anaujua.

Kuhusu kumchagua mtembezaji: awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, msichukue mapapasi wanaowadaka bandarini. Kabla ya kukubaliana bei muulize, "Denge ni nani?" Akijibu vizuri, mchukue. Asipojua lakini akakuomba kitabu akakisome usiku, mchukue huyo pia, nimeona wawili watatu wa namna hiyo wakawa bora kuliko wanaodai kujua kila kitu. Mwambie mapema kwamba mtavuka hadi Ng'ambo, maana wengine hupandisha bei mkiwa njiani.

Wagawe wanafunzi makundi ya kama kumi na watano, vichochoro havibebi darasa zima na wenyeji wanahitaji kupita. Wavae nguo za heshima. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa na mitaa ya misikiti hujaa, na Ramadhani msile hadharani. Anzeni saa mbili asubuhi, mpumzike jua la saa sita, Ng'ambo mwende baada ya alasiri watu wakiwa barazani. Siku moja haitoshi kwa vituo hivi vyote. Mkilazimika kurudi kwa feri ya jioni, acheni Kasri na Shangani, mbaki na Malindi, Mkunazini na Ng'ambo.

Kurasa za kusoma zitoeni fotokopi huko huko kwenu na kila mwanafunzi ajue lake kabla ya kupanda feri. Kusoma kwa mara ya kwanza mbele ya wapita njia kunawatia aibu, wanameza maneno, na upepo wa bahari unamalizia yaliyobaki.