Kwa wewe unayeanza kazi kwenye chama cha umeme

Umeshapewa koti la mvua, buti na ufunguo wa nyumba ya mtambo, na vijana wa kijiweni wameanza kukuita "mtu wa umeme". Hongera. Ila chama cha umeme si TANESCO ndogo. Anayesimama dirishani akilalamika kwamba taa zake zinafifia ndiye mwenye mtambo. Ana hisa, na kura yake ni moja, sawasawa na ya mwenye mashine ya kusaga ambaye bili yake inamzidi mara nyingi. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi huku milima ya Usambara, na ugomvi mwingi nilioushuhudia ulianza pale mfanyakazi aliposahau hilo.

Anza na hesabu ya maji, maana ndiyo yanayozungusha mtambo wetu, hata kama umeajiriwa kushika fedha. Maji ya lita 50 kwa sekunde yakiporomoka kimo cha mita 40, kwa nadharia hayafikishi kilowati 20. Toa kinachopotelea kwenye bomba, kwenye mtambo na kwenye nyaya; ukibakiwa na 12, shukuru Mungu. Gawa kwa kaya 100: kila nyumba inapata wati 120. Hapo kuna taa, redio, televisheni ndogo na simu za kuchaji, basi. Pasi moja inakula wati 1,000, fungu la kaya nane. Mashine ya kusaga ndiyo usiseme: mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, taa za kijiji kizima zikakonyeza. Ndiyo maana unga husagwa mchana, na jioni mashine inafungwa.

Sasa bibi atakuja kuuliza kwa nini mjukuu wake haruhusiwi kupiga pasi saa moja jioni. Usimjibu "ni utaratibu". Mpe shikamoo, mpe kiti, kisha mfanyie hesabu hiyo mbele yake. Wazee wa huku hawana shida nayo, maana wamekua wakigawana maji ya mifereji ya shambani kwa zamu, na wanajua mtu wa juu akifungulia kupita kiasi, wa chini anakauka. Wanaosumbua zaidi ni wenye friji mpya.

Swali litakalokuandama kuliko yote ni bei. "Mbona wenzetu kule barabarani wameunganishwa kwa shilingi 27,000 na REA, wakala wa nishati vijijini, na uniti zao ni rahisi?" Ni kweli, na usimbishie. Gridi ya taifa inagawana gharama zake kati ya wateja wa nchi nzima. Sisi tunagawana za kwetu kati ya kaya zetu. Waeleze habari ya Urambo, Tabora. Mwaka 1994 chama cha watumia umeme cha huko kilianza kuwasha majenereta ya dizeli, umeme wa saa za jioni, kwa bei iliyoizidi sana ya TANESCO. Watu walilipa. Walikuwa wanajua shilingi yao inakwenda kwenye mafuta gani na kwenye kipuri gani.

Hapo ndipo kazi yako ilipo hasa. Fedha ya mwezi igawanye wanachama wakiona: mishahara, vilainishi na matengenezo madogo, na akiba ya matengenezo makubwa. Beringi haitoi taarifa kabla ya kuchakaa, na jenereta ikiungua koili hakuna benki itakayokukimbilia. Bodi ikija na wazo la kuazima fedha kwenye akiba hiyo "kwa wiki mbili tu", waambie wapeleke hoja mkutano mkuu. Bandika hesabu ukutani kila mwezi, kwa maandishi makubwa, hata mwezi ambao zimekaa vibaya. Mwezi huo ndio hasa. Ikipatikana ziada, mkutano ndio unaoamua iende wapi. Vyama vya umeme vya Marekani, vingi vikiwa vimezaliwa baada ya sheria ya umeme vijijini ya mwaka 1936, huandika ziada kwa jina la kila mwanachama kulingana na alivyotumia, na kuirudisha baadaye. Sisi mara nyingi tunainunulia nguzo.

Umeme ukikatika, usikimbilie bisibisi. Chukua simu kwanza. Piga zahanati, kwa sababu chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kisha piga kituo cha maziwa. Tangi la kupozea likizimika asubuhi wakati wafugaji wanamimina, hayo maziwa hayafiki Tanga mjini yakiwa mazima, na hasara inamwangukia mtu mwenye ng'ombe wawili. Ukiwaambia mapema, gari la maziwa litawahishwa au wafugaji watazuiwa kumimina. Ukitengeneza kwanza ndipo utoe taarifa, hata ukitumia dakika chache, utaitwa mzembe, na watakuwa na haki.

Masika ikianza, lala karibu na banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Majani hujaza chujio usiku mmoja, na mchanga ukipita unakwangua mtambo ndani kwa ndani. Huko juu kwenye chanzo, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya chanzo, ndani ya mita 60. Mlimaji aliyevuka mpaka mara nyingi ni mwanachama, tena huenda ni mjomba wako. Nenda na mtendaji wa kijiji na miche ya miti, usiende na polisi.

Vishoka wanaounganisha nyaya kinyemela, kata nyaya zao siku hiyohiyo. Hapo sina mjadala.

Na gridi itafika, leo au kesho. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, za miradi midogo ya umeme zina njia kadhaa za kuendelea: kuuza umeme wenu kwa TANESCO, kununua kwao kwa jumla na kusambaza, au kulipwa fidia ya miundombinu. Katika mazungumzo hayo utaulizwa nguzo ngapi, za mwaka gani, zilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujajifunza kitu kingine, chukua daftari na utembee laini yote nguzo kwa nguzo. Stakabadhi ziko kwenye kabati la mweka hazina, rafu ya chini.