Unaenda kusoma Ruhr? Ijue ramani ya makaa ya mawe kwanza, chumba baadaye

Kila ikifika miezi ya barua za vyuo kutoka napigiwa simu na vijana wa Ardhi, wa Mlimani, mara huyu wa Mbeya, wamepata nafasi Dortmund au Bochum au Essen, miji ya eneo la Ruhr huko Ujerumani, na maswali ni yale yale, baridi ikoje, chumba bei gani, unga wa sembe unapatikana wapi. Hayo utajibiwa na wengi na mengine utayajua mwenyewe wiki ya kwanza tu. Mimi nawaambia kitu kingine wadogo zangu, kaeni chini na ramani ya lile eneo kabla hamjapanda ndege, maana ukienda Ruhr na picha ya Dar kichwani itakusumbua, kwenye masomo itakusumbua na kwenye maisha itakusumbua zaidi, pa kuishi, kibarua, usafiri, kila kitu.

Tuanze na namba. Sensa ya 2022 ilitukuta Dar tuko watu 5,383,728 kwenye kilomita za mraba kama 1,400 hivi. Ruhr ina watu kama milioni 5.1 kwenye kilomita za mraba zaidi ya 4,400. Yaani watu tunakaribiana, ila wenzetu wametawanyika kwenye eneo mara tatu ya letu. Halafu sasa hapa kwetu ukisema unaenda mjini kila mtu anaelewa ni Posta au Kariakoo, mwendokasi na daladala nyingi zinaangalia huko, asubuhi watu wanamiminika jioni wanarudi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta. Ruhr haina kitu kama hicho. Kuna miji na halmashauri 53, Dortmund na Essen kila mmoja unakaribia watu laki sita, Duisburg kama laki tano, halafu Bochum, Gelsenkirchen, Oberhausen, Herne, Bottrop na wenzao, yote imeshikana mpaka unavuka barabara tu uko mji mwingine na hujaona shamba, na kila mji una meya wake, stesheni yake kuu na mitaa yake ya maduka. Ukitafuta katikati ya Ruhr hutaipata, usihangaike.

Kwa nini imekaa hivyo? Makaa ya mawe. Hapa naomba uelewe vizuri maana ukishika hili mengine yote yanajipanga yenyewe. Matabaka ya makaa kule chini yamelala kama bati la nyumba lililoinama, upande wa kusini kwenye bonde la mto Ruhr yanatokeza karibu na uso wa ardhi, na kadiri unavyoenda kaskazini yanazidi kuzama. Kwa hiyo watu walianzia kusini, pale Witten walikuwa wanachimba kwa kuingia tu ubavuni mwa kilima, baadaye walipopata mashine za mvuke za kuvuta maji wakaanza kushuka na mashimo marefu kwenye ule mstari wa Duisburg, Essen, Bochum, Dortmund, halafu wakasogea kwenye bonde la Emscher, halafu mto Lippe huko kaskazini, mwishoni migodi ilikuwa imeshuka zaidi ya kilomita moja chini. Kila mgodi ulipofunguliwa kampuni ilijenga nyumba za wachimbaji pembeni na reli ya kutolea makaa. Mgodi kwanza, mji baadaye. Oberhausen ndio mfano ninaoupenda: 1847 reli ya Köln kwenda Minden ilipita pale na stesheni ikajengwa kwenye uwanda ambao haukuwa na mji wowote, halmashauri yenyewe ikaja kuanzishwa 1862. Stesheni ndiyo iliyozaa mji.

Sasa hiyo historia inakuhusu wewe unayetafuta chumba. Njia kubwa za Ruhr zinaenda mashariki magharibi. Treni ya RE1 inatoka Hamm inapita Dortmund, Bochum, Essen, Duisburg inaenda zake Düsseldorf na Köln, S1 inafuata mstari huo huo ila inasimama vituo vingi, na barabara ya A40 nayo inapita humo humo. Dortmund mpaka Bochum kwa treni ya haraka ni kama dakika kumi na kitu, Essen ni chini ya nusu saa. Lakini ukitaka kwenda kusini kaskazini hadithi inabadilika, utabadilisha basi, tramu, treni, basi tena, na umbali kwenye ramani ni mfupi tu. Kuna mji unaitwa Herten, watu kama elfu sitini, migodi mikubwa ilikuwepo pale, na ulikaa miongo hauna treni ya abiria mpaka miaka ya karibuni. Kwa hiyo usichague chumba kwa kuangalia kilomita. Chumba cha kilomita 25 kilicho karibu na stesheni ya S1 kinaweza kuwa karibu na chuo kuliko cha kilomita 9 upande wa kaskazini. Kabla hujasaini mkataba ingia kwenye programu ya ratiba, weka anuani ya chumba na ya chuo, angalia saa mbili asubuhi, angalia saa tano usiku, angalia na Jumapili, ndipo uamue. Na acha nafasi kwenye kubadilisha, treni zinachelewa na kuna kufutwa pia, usijipangie dakika nne za kushuka hapa na kupanda pale siku ya mtihani. Nauli isikuumize kichwa sana, mara nyingi kwenye ile ada ya muhula unayolipa chuoni kuna tiketi ya usafiri ndani yake, na Wajerumani wenyewe tangu Mei 2023 wana tiketi moja ya mwezi ya treni za mikoani, tramu na mabasi nchi nzima, ilianza euro 49 na imepanda tangu hapo.

Kama unasoma mambo ya miji na usafiri, kuna kitu kimoja darasani kitakuja na wewe mtu wa Dar utakielewa kuliko wengi, ni geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli. Tramu za Dortmund na Duisburg zinatembea kwenye reli ya milimita 1,435, za Bochum na Essen ni mita moja kamili. Kila mji ulijenga kivyake. Miaka ya sitini na sabini kulikuwa na mpango wa kuunganisha eneo zima kwa mtandao mmoja wa treni za mijini, ukajengwa vipande vipande, hela zikakata na kila halmashauri ikabaki na kipande chake, ndio maana mpaka leo huwezi kutoka Dortmund mpaka Essen kwa tramu moja. Wanafunzi wa nchi nyingine huwa wanashangaa, sisi hatuna cha kushangaa, hapa Dar reli ya zamani ya TRC ni mita moja, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435, geji tatu mji mmoja. Mwalimu akiuliza mfano wa nchi yako usikae kimya, simama uwaeleze habari ya kuhamisha mizigo Kidatu, pale reli ya TAZARA na ya TRC zinapokutana na behewa la huku haliwezi kuendelea kule.

Kingine, panda treni ya mjini ya U18 kutoka Essen kwenda Mülheim. Imeanza 1977 na inapita katikati kabisa ya A40, unashuka kituo kama Wickenburgstraße uko kati ya magari, malori yanapita kulia na kushoto, kelele mpaka unaongea na mwenzako kwa kupaza sauti, unatoka kwa kupanda kwenda kwenye daraja la juu. Aliyewahi kusubiri mwendokasi barabara ya Morogoro anajua nazungumzia nini. Simama pale na daftari, angalia mtu anatembea hatua ngapi kutoka nyumbani mpaka kituoni, kuna nyumba gani jirani, nani anayepanda na nani anayeona bora gari lake, halafu ukirudi Dar fanya hivyo hivyo Kimara. Vyombo viwili vimewekwa katikati ya barabara kubwa kwa sababu nafasi ilikuwepo pale, na swali la kama pale ndipo watu walipo ni swali la kutafutia digrii kabisa. Na hiyo A40 foleni zake zinajulikana Ujerumani nzima. Tarehe 18 Julai 2010 waliifunga kwa kilomita kama 60, wakapanga meza barabarani, wakaja watu kama milioni tatu kwa miguu na baiskeli. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa barabara kugeuka mali ya watu kwa siku moja.

Ila ukiniuliza kitu kimoja cha kusoma kwa undani ningesema mto Emscher. Ukichimba makaa chini ardhi ya juu inatitia, na Ruhr imetitia kweli kweli, kuna sehemu Essen imeshuka mita 20 na zaidi. Sasa ardhi ikiwa inashuka huwezi kuzika bomba la majitaka, litavunjika. Basi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walichukua mto mzima wa Emscher pamoja na vijito vyake wakaunyoosha wakausakafia kwa zege ukawa mfereji wa wazi wa kinyesi na maji ya viwandani, unapita katikati ya makazi ya mamilioni ya watu, na mdomo wake kwenye mto Rhein ulihamishwa kaskazini mara mbili kwa sababu ya huko kutitia. Uchimbaji ulipoondoka ndipo mabomba yakawezekana. Kazi ilianza 1992, imekula zaidi ya euro bilioni tano, na mwisho wa 2021 mto ukawa hauingizwi tena majitaka. Miaka thelathini! Nenda kautembelee, chukua baiskeli upite pembeni, utaona sehemu bado ni zege limenyooka kama rula na sehemu nyingine kuna majani, mto umeachiwa ujipindie. Wewe unayetoka kwenye mji wenye mto Msimbazi na bonde la Jangwani una sababu ya kuuliza maswali ambayo wenzako darasani hawatayafikiria, nani alilipa, nani alihamishwa, halmashauri ngapi zilikubaliana na kwa chombo gani. Chombo chao kilianzishwa 1899 na kipo mpaka leo, kinasimamia mto mzima bila kujali mpaka wa mji.

Na pampu. Migodi yote imefungwa, wa mwisho Prosper-Haniel pale Bottrop ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, lakini maji bado yanavutwa kila siku usiku na mchana, maana sehemu kubwa iliyotitia ingejaa maji ikawa ziwa, na yale maji ya migodini hayatakiwi kupanda mpaka kufika kwenye maji ya kunywa. Kuna mfuko maalum uliundwa 2007 kwa ajili ya gharama hizo, na hesabu yake haina mwaka wa mwisho, ni milele. Mimi nikisikia mazungumzo ya makaa yetu ya Ngaka na Mchuchuma, tani ngapi, barabara ipi, bandari ipi, huwa natamani na hili liwe mezani tangu siku ya kwanza, nani atabaki analipa wakati kampuni imeshaondoka. Nyie mnaokwenda kusoma ndio mtakaouliza hivyo kwenye vikao.

Duisburg nenda siku moja uone bandari ya mto ilivyo, ni bandari ya mto kubwa kuliko zote Ulaya, matishari ya mto Rhein, treni za makontena mpaka za China, halafu mfereji wa Rhein-Herne wa 1914 unaingia ndani ya miji. Chuma bado kinayeyushwa huko, usiandike kwamba Ruhr yote imekuwa makumbusho.

Kama uko TU Dortmund mwezi wa kwanza utakuwa unapanda H-Bahn, kale kagari kanakoning'inia juu bila dereva, kapo tangu 1984, kanaunganisha kampasi mbili na stesheni ya S1. Wikiendi toka nje ya kampasi. Panda kile kilima cha mawe taka ya mgodi pale Bottrop chenye piramidi ya vyuma juu, ngazi zinatikisika kidogo lakini ziko salama, uchague siku isiyo na ukungu. Juu pale utaiona kanda yote, minara, misitu, viwanja vya mpira, nyumba za matofali, na utaelewa kwa macho kwa nini haina katikati.

Kwenye tasnifu tafuta mada kwenye chama cha halmashauri za Ruhr kilichoanza 1920 kwa ajili ya kupanga kanda nzima pamoja, barabara, reli na mikanda ya kijani kati ya mji na mji. Dar tuna manispaa nne na jiji, na halmashauri ya juu iliyokuwa inaunganisha ilivunjwa Februari 2021. Weka hizo mbili kwenye meza moja, omba ramani zao za zamani mapema maana nyingi ni za karatasi na unahitaji miadi, na anza Kijerumani sasa hivi ukiwa bado Dar, profesa atakuelewa kwa Kiingereza ila mzee aliyechimba makaa miaka thelathini pale Bottrop, ambaye ndiye unayetaka kumhoji, mara nyingi atakujibu kwa Kijerumani tu.