Pamba ya chupa za plastiki: mambo ya kujua kabla hujaishona

Kila anayeanza kushona mifarishi (vifuniko vya tabaka vilivyojazwa pamba) na mito huku Lamu huniuliza swali moja akipewa bunda la pamba iliyotokana na chupa: itashoneka kweli? Itashoneka bila taabu, hata kwa cherehani ya mguu. Taabu yake iko kwenye pasi, kwenye kitambaa unachoifunikia, na kwenye maneno unayomwambia mteja.

Kwanza ujue umeshika nini. Chupa za maji na soda, zile zenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya kitako, huchambuliwa, huoshwa na kukatwa vipande vidogo. Vipande huyeyushwa kwenye nyuzijoto 260 hivi, vikasukumwa kwenye matundu membamba na kutoka nyuzi. Nyuzi hizo hutiwa mikunjo ili zitutumke, hukatwa, huchanwa, kisha hutandazwa na kushikanishwa kwa joto, kwa gundi au kwa kuchomwachomwa na sindano nyingi. Kinachopatikana ni poliesta, ile ile ya shati na ya uzi wa kushonea. Madukani utasikia ikiitwa faiba. Iite utakavyo, lakini mikononi mwako ichukulie kama plastiki, na mengi nitakayokwambia hapa utayakisia mwenyewe.

Faida yake kubwa kwetu watu wa pwani ni unyevu. Wazee walijaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na mto wa sufi ukiwa mpya hauna mfano. Lakini sufi haifuliki, na ikishalaliwa sana hushikana madonge. Pamba ya shambani, ile inayolimwa huku huku Mpeketoni na Hindi, hushika unyevu wa hewani wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo mwezi wa tano, mvua ikishika na nguo za sandukuni zikaanza kunuka uvundo, mto wa faiba hukauka ukiguswa tu na upepo. Mzigo wako ukirushiwa maji ya bahari ndani ya mashua ukitoka Mokowe, usipige mayowe. Utumbukize kwenye maji baridi ya kunywa, ubonyeze bila kuusugua wala kuukamua kwa kuusokota, uanike kivulini, kesho unaendelea na kazi.

Ubaya wake ni huo huo uliogeuzwa: jasho haliendi popote. Mteja akitaka mfarishi wa kujifunika mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia na nyumba inafuka, mwambie wazi kwamba ataupiga teke saa sita za usiku. Mshonee kanga mbili mgongo kwa mgongo bila kitu kati, au tafuta pamba halisi iliyo nyembamba. Mtoto mchanga ndiyo kabisa usimfunike nayo wakati wa joto. Mimi naiweka kwenye mito ya baraza, magodoro membamba ya kukalia dakani (ukumbi wa mlangoni), matandiko ya watoto kuchezea sakafuni, mifuko na mapambo ya ukutani. Wakati wa kusi, watu wakianza kutafuta kitu cha kujifunika alfajiri, hapo mfarishi wa faiba nyembamba nao una soko.

Dukani usinunue kwa macho. Ishike mbele ya mwanga: palipo peupe zaidi ni palipo pembamba, na mfarishi utazama hapo hapo. Ibonyeze kwa kiganja mpaka chini, uhesabu pole pole mpaka kumi, uachie. Isiponyanyuka, muuzaji abaki nayo. Ivute kwa mikono miwili uone kama inachanika upesi. Kisha omba kipande, kishike kwa koleo, ukichome nje. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiona vyote viwili, umeuziwa mchanganyiko, na mchanganyiko si vibaya mradi bei yake iwe ya mchanganyiko. Unene nao uulize kwa uzito, gramu ngapi kwa mita ya mraba. Gramu 100 hadi 150 zinamtosha anayeanza. Faiba iliyotutumka sana inapendeza rafuni lakini hukusumbua chini ya mguu wa cherehani.

Sasa kitambaa, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Nyuzi za plastiki ni laini na zinateleza. Kitambaa kikiwa kimefumwa kwa mwanya, zinatoka nje moja moja, na baada ya mwezi mto mweusi unaota mvi. Kikoi kizuri kinazizuia. Kanga nyepesi nyingine haziwezi. Iweke kanga kwenye dirisha. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, tia bitana ya marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) katikati kabla ya faiba. Rangi nyeusi au buluu iliyokoza iogope mpaka umeijaribu. Sindano iwe mpya na isiwe nene kuliko inavyohitajika, kwa sababu kila tundu ni mlango. Namba 14 inatosha kwa tabaka tatu. Na uzi mweupe ukishatokeza, mwanangu, usiuvute! Ukiuvuta unaleta nduguze. Ukate kwa mkasi usawa wa kitambaa, au urudishe ndani kwa ncha ya sindano.

Halafu moto. Pasi yenye nyuzijoto 150 haitaiyeyusha faiba, lakini itailaza, na ikishalala hainyanyuki tena. Zile zilizoshikanishwa kwa joto zina nyuzi za gundi zinazolegea mapema zaidi. Piga pasi vitambaa vyako vyote kabla ya kuunganisha, ukishaunganisha usirudi na pasi. Pasi ya makaa isikaribie kabisa kazi hii, maana huna namna ya kujua imefika joto gani. Vishikio vya sufuria usivishone kwa faiba hata mteja akikuahidi bei gani: joto linapita, plastiki inalegea, na ikigusa ngozi ikiwa imeyeyuka inanata.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya ushonaji vya mbali havitakwambia, kwa sababu walioviandika hawana chetezo, chombo cha kufukizia udi. Huku tunafukiza matandiko. Mfarishi wa faiba usitandazwe juu ya chetezo cha udi, cheche moja inatosha kuutoboa mpaka ndani. Unapomkabidhi bibi harusi vitu vyake, mwambie afukize foronya na shuka, faiba ikae mbali.

Kushona kwenyewe sitakuchosha. Fungua bunda siku moja kabla, uliache litanue, limesafiri limebanwa. Lifungulie ndani, si barazani penye upepo. Kata faiba izidi kitambaa sentimita 5 kila upande, maana tabaka zitahama. Piga bandi ndefu (mishono ya muda ya mkono) kila upana wa kiganja, na usifanye uvivu kwenye bandi. Refusha mshono wa cherehani ufike milimita 3 au 3 na nusu, anza katikati uende pembeni. Faiba iliyoshikanishwa vizuri inavumilia mishono iliyo mbali sentimita 20. Ile iliyolegea, kaza iwe 10 au chini. Pamba halisi ungeiachia nafasi ya kunywea asilimia 3 hadi 5 kwenye maji, lakini hii hainywei, kwa hiyo kitambaa ndicho ukifue kwanza, la sivyo kitanywea peke yake na mfarishi utakunjamana.

Nimesema maneno kwa mteja, na hili nalishikilia kuliko hata pasi. Jaribio la moto halitakwambia kama poliesta imetokana na chupa au imetengenezwa mpya. Zote zinaungua sawa. Rangi ya kijani hafifu huashiria chupa za kijani, lakini nyeupe haikanushi wala haithibitishi. Kilicho na uzito ni karatasi za mtengenezaji. Kuna alama ya kimataifa iitwayo Global Recycled Standard: bidhaa haibandikwi lebo yake mbele ya mnunuzi mpaka angalau asilimia 50 ya malighafi iwe imerejelezwa. Muulize muuzaji wako. Akikosa karatasi hizo, wewe uuze kama mto wa faiba tu, bila kutaja chupa.

Wageni wa Shela, kijiji cha watalii hapa kisiwani, ndio watakaokutia majaribuni. Jahazi la Flipflopi liliundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki na kandambili zilizookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na hadithi hiyo imeenea. Mgeni akisikia Lamu na plastiki katika sentensi moja, anaimalizia mwenyewe: chupa ziliokotwa ufuoni hapa, akina mama wakazishona. Kusokota nyuzi za faiba ni kazi ya kiwanda kikubwa, na bunda lako limekuja kwa lori na mashua. Mwambie hivyo. Anayenunua kwa uzuri wa mishono atanunua tu.

Faiba ikifuliwa huacha nyuzi ndogo ndogo kwenye maji, na maji yetu hayana safari ndefu kufika baharini. Ndiyo maana mto wangu una foronya ya kuvulika, yenye vifungo, na ule wa ndani haufuliwi ila kwa dharura. Vipande vinavyobaki usivichome uani, moshi wake si wa kuvuta. Viweke kwenye gunia kavu, vichambue, vijazie mito midogo ya kuegemea kiwiko. Vile vidogo kabisa, vya kwenye ncha za mkasi, huwa navitumia kutengenezea kijimto cha kuchomekea pini, na kila mwanafunzi wangu huanza kazi kwa kujishonea chake.