Bango la ngumi lisome kuanzia chini

"Hajawahi kupigwa! Mapambano 25, ushindi 25!" Maneno hayo yakikaa juu ya picha ya bondia aliyekunja uso, mtu anaanza kupapasa mfuko. Ngoja kwanza. Rekodi safi ni fungu la nyanya: zile nzuri zimepangwa juu, na kazi yako ni kuligeuza.

Fungua BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, andika jina la bondia, na macho yasikimbilie safu ya matokeo. Anza na wapinzani. Chukua watano wa mwisho na kwa kila mmoja andika mambo matatu: siku ile alikuwa na umri gani, alikuwa ametoka kushinda au kupigwa, na pambano liliisha raundi ya ngapi. Ukimaliza, angalia bondia wako amekaa miezi mingapi bila kupigana.

Jaribu zoezi hilo kwa Gerry Cooney, aliyepanda ulingoni Las Vegas tarehe 11 Juni 1982 kumkabili Larry Holmes, bingwa wa uzito wa juu wa WBC, moja ya taasisi zinazotoa mikanda. Uzito huo ulikuwa haujapata bingwa Mzungu tangu Ingemar Johansson apoteze mkanda mwaka 1960, kwa hiyo promota Don King na wenzake waliuza rangi ya ngozi kwanza, ngumi baadaye. Hata utambulisho ulipinduliwa: bingwa alitajwa kwanza, mpinzani akaachiwa heshima ya mwisho. Cooney alikuwa na 25-0, yaani ushindi 25 bila kupigwa. Sasa geuza fungu, uone wapinzani wake watatu wa mwisho. Jimmy Young alichanika, pambano likaisha raundi ya 4. Ron Lyle, miaka 39, raundi ya 1. Ken Norton, miaka 37, sekunde 54. Jumla haifiki raundi 6 ndani ya miaka miwili, na baada ya Norton akakaa miezi 13 bila pambano. Halafu anapelekwa kwenye raundi 15 na Holmes! Alisimamishwa raundi ya 13. Tusimwonee, alipigana kiume, na makonde chini ya mkanda yalimgharimu pointi 3. Ila pumzi ya raundi za mwisho haipatikani kwenye mkutano na waandishi wa habari.

Peter McNeeley hata zoezi hakuhitaji sana. Agosti 1995 aliletwa na 36-1 kumkaribisha Mike Tyson aliyetoka gerezani. Orodha yake ilijaa vibonde. Sekunde 89, meneja wake akaingia ulingoni mwenyewe, mchezo ukaishia hapo kwa McNeeley kuondolewa kwa kuvunja kanuni.

Mikanda nayo isikubabaishe. Taasisi kubwa ni nne: WBA, WBC, IBF na WBO. Jina la taasisi likifuatwa na neno kama "Silver", "International" au "Interim", huo si ubingwa wa dunia wenyewe, hata kama unang'aa vilevile kwenye picha. Kila mkanda una ada inayolipwa taasisi, ndiyo maana mikanda haipungui.

Kwenye uzito, soma maandishi madogo. Daraja la welterweight mwisho wake ni ratili 147, lakini mwaka 2009 Miguel Cotto alitetea mkanda wake wa WBO mbele ya Manny Pacquiao kwa uzito wa makubaliano wa ratili 145. Ratili mbili unaweza kuziona ndogo; mwulize aliyezitoa jasho akiwa tayari amekauka. Ukiona uzito usio wa kawaida, jiulize nani aliuomba.

Tambo, kusukumana siku ya kupima uzito, meza kupinduliwa: usizipe alama yoyote. Angalia tu kama kamera ilikuwa imeshakaa sehemu nzuri kabla meza haijaanguka.

Na mgeni wa kona ya pili usimpuuze, kwa sababu promota naye hukosea hesabu. Tarehe 8 Septemba 2018 mjini Birmingham, Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, alikuwa nyumbani kwao, usiku uleule wa pambano la Amir Khan na Samuel Vargas. Mpinzani wake alikuwa kijana kutoka Tanga ambaye wengi ukumbini hawakujua hata jina lake litamkwe vipi. Raundi ya 2 mwamuzi alisimamisha pambano, kijana ameshinda, na mtangazaji ikabidi ajifunze kutamka "Mwakinyo" palepale.