Michezo ya vita ya mezani kwa mtoto wa miaka 9: anzeni na ziwa mnaloliona

Mleta mada yuko Ujiji. Anauliza amwanzishieje mwanawe wa miaka 9 michezo ya vita ya mezani na ile ya kuigiza wahusika, wakati hapa hakuna duka la vinyago vya askari wala dadu za pande 20. Waliotangulia wamemshauri aagize boksi kutoka Uingereza. Naomba asiagize kwanza. Boksi hizo huja na vipande vya kukata, kubandika na kupaka rangi, pamoja na kitabu kinene cha kanuni kwa Kiingereza. Mtoto atamaliza wiki anabandika miguu ya askari na hajacheza hata zamu moja. Anachohitaji ni kanuni za ukurasa mmoja, kipimo, dadu mbili za ludo, na pambano linaloisha kabla hajachoka.

Na pambano mnalo mlangoni. Tarehe 26 Desemba 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mtoto wa Kigoma akiambiwa kwamba meli ya Liemba ndiyo ile Graf von Götzen ya vita hivyo, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 kisha ikaopolewa 1924, hutahitaji kumbembeleza akae mezani.

Tandikeni kanga au shuka la bluu, sentimita 120 kwa 80. Upande mfupi wa mashariki ni Kigoma, wa magharibi ni Kongo. Kateni meli kwenye ganda la boksi: Mimi na Toutou sentimita 2.5 kila moja, Kingani 4. Götzen ikatwe 15, kwa kuwa ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi na boti zile mita 12. Mtoto akiziweka pamoja anaona mwenyewe tofauti. Gundisheni kizibo cha soda juu ya kila meli, maana ganda tupu hupeperushwa na upepo wa dirishani na ugomvi wa "ilikuwa hapa" hauishi.

Kipimo kiwe uzi wa pamba wenye fundo kila sentimita 5. Msitumie uzi wa nailoni wa nyavu. Unavutika, na mtoto mjanja atauvuta.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mimi na Toutou huenda hadi sentimita 20 kwa zamu na huweza kugeuka mara mbili, katikati ya mwendo na mwishoni. Kingani huenda 8 na hugeuka mara moja tu, mwishoni. Geuko moja lisizidi nusu ya kona ya daftari. Boti zianze ukingo wa Kongo, Kingani ianze katikati ikielekea nyumbani. Ikivuka ukingo wa Kigoma imeshinda. Kila boti huzama ikipigwa mara 2, Kingani mara 5.

Kupiga: rusha dadu mbili, jumlisha. Umbali usiozidi sentimita 15, unapata kwa 7 na kuendelea. Kati ya 15 na 30, kwa 9 na kuendelea. Hapa mzazi atulie kidogo amwonyeshe mtoto hesabu. Dadu mbili zina matokeo 36. Yanayofikia 7 au zaidi ni 21, yanayofikia 9 au zaidi ni 10 tu. Kwa hiyo kusogea karibu kunaongeza nafasi yako maradufu, lakini na adui naye anakuona kwa karibu. Mtoto akilishika hilo, ameanza kucheza vita. Kabla ya hapo anarusha dadu tu.

Jambo la pili lenye utamu ni mwelekeo wa mzinga. Boti zile zilikuwa nyepesi mno, na staha haikustahimili kishindo cha mzinga wa mbele isipokuwa ukipigwa kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Mzinga wa Kingani nao ulitazama mbele. Kata karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona, ikunje tena uifungue upate mstari wa katikati. Weka ncha kwenye omo na mstari ufuate meli. Asiyeguswa na karatasi hapigwi. Kanuni hii moja inabadilisha kila kitu: Kingani ikikimbia haiwezi kujibu, ikigeuka kupigana inapoteza mwendo. Watu wazima hupenda kuiondoa ili "kumrahisishia mtoto". Mkiiondoa, mchezo unakufa, kila mtu anasogea katikati na kurusha dadu hadi mmoja aishe.

Chezeni mara mbili mkibadilishana pande. Mpambano ukizoeleka, mleteni Götzen na mzinga wake wa milimita 105 kutoka manowari ya Wajerumani Königsberg: umbali hadi sentimita 60, apate kwa 9, azame kwa mapigo 8. Wapinzani wapewe Kingani iliyotekwa. Waingereza waliiita Fifi. Pambano hilo halikuwahi kutokea ziwani, kwa hiyo hakuna anayejua mwisho wake.

Dadu zirushwe ndani ya sahani. Ikiruka nje, inarudiwa, hata kama ilikuwa 6 na 6.

Baada ya mapambano matano au sita ndipo mwingie kwenye kuigiza. Mchezo wa Dungeons & Dragons wa 1974 ulizaliwa hivyohivyo, wachezaji wa vita walipoacha kuongoza kikosi wakaanza kuwa mtu mmoja. Mwambie mtoto: wewe ni nahodha wa boti, umezama, umeogelea hadi ufukweni usiku. Unafanya nini? Swali hilo ndilo mchezo mzima.

Mhusika awe na namba tatu: nguvu, wepesi, akili. Gawa 2, 1 na 0 anavyotaka. Jambo gumu lirushiwe dadu mbili, ongeza namba husika, 8 inatosha. Mwenye 0 ana matokeo 15 kati ya 36, mwenye 2 ana 26. Msirushe kwa kufungua mlango wala kupanda mtumbwi. Kosa kubwa la waongozaji, yaani wanaosimulia mchezo, ni kusema "umeshindwa" na kunyamaza. Kushindwa kulete jambo: kamba imekatika, na mlinzi amesikia.

Walioko Tabora watumie msafara wa wapagazi kwenda Bagamoyo, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, mto umefurika mbele yao.

Dadu zikipotea, penseli ya pembe sita iliyoandikwa 1 hadi 6 kwenye pande zake inafaa kabisa. Na mkifika kwenye kanuni zinazodai dadu ya pande 20, andikeni vikaratasi 1 hadi 20, vikunjwe sawasawa, viwekwe kikombeni, na kila kilichochotwa kirudishwe kabla ya mwingine kuchota. Msitumie dadu tatu za kawaida badala yake: 18 hupatikana mara 1 kati ya 216, wakati kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi 1 kati ya 20.